Mbavu za Sajini

Mkwajuni, machimboni
14 Mei 1938

Mke wangu Felista, mama wa Lusubilo,

Pokea salamu za mtu aliye mbali na moto wako. Habari kwamba umejifungua salama ilinikuta nikipepeta mchele wa Bwana Ndevu, Mzungu ninayempikia, nikaumwaga wote chini. Hakunigombeza, alicheka tu. Mwambie mama amefanya vizuri kumwita mtoto Lusubilo bila kuningoja. Ningechagua jina hilo hilo.

Lakini habari ya pili, ile ya chui, imeniondolea furaha. Wanasema amewamaliza mbuzi wa jirani yetu Ruti, tena mchana, ukungu ukiwa umetanda. Nyumba yetu ndiyo ya mwisho, inapakana na mianzi. Mimi siwezi kuja. Kipande changu, ile kadi ya kuhesabia siku za kazi, hakijajaa, na anayetoroka kazini kabla ya kipande kujaa hufuatwa na askari mpaka kwao, akafungwa. Kwa hiyo namtuma mwingine asimame mahali pangu.

Anayekupa barua hii ni Jonasi, mtoto wa mzee Anyosisye, unamfahamu. Aliye ndani ya kapu anaitwa Sajini. Usimcheke. Leo ana miezi miwili na anajikojolea, lakini mama yake anafika kiunoni kwangu, na fisi wa huku wanampitia mbali. Ni mbwa wa Makaburu, wale wenye mifupa mikubwa. Bwana Ndevu amenipa kwa sababu nilimuuguza huyo mbwa mama alipoumwa na nyoka.

Sasa sikiliza vizuri. Mbwa wa namna hii hukua polepole, mwaka mzima na zaidi. Mwili wake unataka kutangulia na mifupa bado ni laini kama bua bichi la mahindi. Akinenepa mapema, miguu inashindwa kubeba, inapinda, na hapo hana dawa. Mpe ugali kidogo na maziwa ya mgando, na kipande cha nyama mkijaliwa, mara tatu kwa siku. Kila Jumapili mpapase ubavuni. Mbavu uzisikie chini ya ngozi bila kubonyeza, na ukimtazama kwa juu uone ana kiuno. Mbavu zikipotea, punguza chakula.

Kila utakaponiandikia, niambie habari za mbavu zake.

Mimi mumeo,
Hezron


Ibaba
5 Juni 1938

Baba Lusubilo, mume wangu,

Askari wako amefika. Jonasi amechubuka bega kwa kumbeba, na anasema huko Mbozi watoto walimuuliza kama ana ndama kapuni. Nilitaka kucheka kama ulivyonikataza, lakini alipoweka kichwa chake juu ya mguu wangu nikaona ukubwa wa zile nyayo, nikanyamaza. Mtoto naye ni mzima. Ana paji lako la uso, pole yake.

Mimi bado niko ndani. Mama yako hataki nishike jembe wala kuni. Kila asubuhi na kila jioni ananiletea uji wa ulezi, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, maharage yenye siagi, chungu kizima kinachotosha wanaume wawili. Anakiweka mlangoni, anabisha, anaondoka, maana kwetu mkwe aliyejifungua hasimamiwi akila. Akirudi anakikuta kitupu, na anaondoka akiimba. Anawaambia watu wote kwamba hajaona mzazi anayekula kama mimi.

Hezron, naogopa. Sitaki kukuficha hilo. Mwezi huu ukungu hauondoki mpaka jua liwe juu, na mianzi ikisuguana nasikia mtu anapumua. Watu wanasema si chui wa porini, ametumwa. Mwalimu Sadoki aliwakemea kanisani wanaosema hivyo, kisha alipokuja kutuombea tukamwona ameshika mkuki. Mtoto akilala nakaa nikiangalia mlango. Kazi yangu siku hizi ni kuangalia mlango.

Je, hakuna namna ya kumkuza huyu mbwa haraka? Mwaka mzima ni mrefu mno kwa nyumba isiyo na mwanamume. Muulize Bwana wako, huenda kuna dawa ya Kizungu.

Mbavu zake zinasikika.

Mkeo,
Felista


Mkwajuni
24 Juni 1938

Mama Lusubilo,

Nimemuuliza. Amesema dawa ya kumharakisha ipo, na inaitwa kaburi.

Nakusimulia jambo nililoliona kwa macho yangu. Sajini ana ndugu yake wa tumbo moja, alichukuliwa na msimamizi wa stoo. Mtu yule anampenda mbwa wake kupita kiasi. Alimpa mafuta ya nyama, mikate, uji wa wapagazi, kila alichotaka. Mbwa akawa mnene, anang'aa, watu wakija kumtazama. Wiki iliyopita alishindwa kusimama. Miguu ya mbele ilikuwa imetanuka kama ya chura na ya nyuma anaiburuta. Msimamizi alimpiga risasi nyuma ya stoo, halafu akakaa chini akalia. Mimi niliitwa nisaidie kuzika. Nilipomwinua nilimtafuta mbavu, sikuzipata.

Kwa hiyo usimharakishe, nakusihi. Najua hofu yako. Mimi pia nikisikia paka wa Bwana anatua juu ya bati, moyo unakimbilia Ibaba. Lakini Sajini akilemaa, utakuwa na hofu ile ile na kilema wa kumtunza juu yake.

Nimefurahi kusikia unakula vizuri. Hapo sina wasiwasi. Ninachohofia ni mbwa tu.

Mumeo,
Hezron


Ibaba
17 Julai 1938

Mume wangu,

Herufi zimepinda, usome hivyo hivyo.

Chui amemchukua Nesta, mtoto wa Ruti. Ilikuwa asubuhi, Ruti anateka maji, mtoto yuko nyuma yake anachezea majani. Aligeuka akaona ukungu tu. Wanaume walitafuta mpaka chini bondeni wakarudi na kile kitambaa chake cha kichwani. Tumekizika hicho. Ruti haongei. Nilikwenda kumpa pole, akamtazama mtoto mgongoni kwangu, nikaona ni bora niondoke.

Tangu siku ile sifungui mlango mpaka nimemtanguliza Sajini. Amekuwa mkubwa, Hezron, ungeshangaa. Akisimama mlangoni nuru inapungua ndani. Najua umesema asiharakishwe, na chakula chake ni kile kile ulichoagiza, ugali kidogo na mgando. Nampa kwa mkono wangu, wala sizidishi. Usinigombeze.

Lusubilo analia sana. Mama anasema ni chango, amemletea majani ya kumwogeshea. Analia, ananyonya kidogo, anaachia, analia tena. Baridi ya mwaka huu ni kali, ile kanga uliyoninunulia naizungusha mara mbili kiunoni na bado inateremka.

Kipande chako kimebaki kiasi gani?

Mkeo,
Felista

Mbavu za Sajini sijazipapasa wiki hii kwa sababu ya msiba.


Mkwajuni
3 Agosti 1938

Felista,

Nimelia kwa ajili ya Nesta. Nilimkumbuka alivyokuwa akiniita babu ili anichokoze. Mpe Ruti salamu zangu siku atakapoweza kuzisikia. Nilimwomba Bwana Ndevu ruhusa, akasema yeye angeniachia lakini kipande si chake peke yake, wakubwa wa mgodi hawakubali. Siwezi kutoka kabla ya Oktoba. Nikija nikifuatwa na askari, nitakuletea hofu nyingine nyumbani.

Lakini Jonasi amerudi jana na ameniambia ukweli ambao wewe hukuniambia. Anasema Sajini ni mnene kama ndama wa kunyonya, mgongo wake ni bapa kama meza, na akiinuka miguu ya nyuma inatetema kama ya mzee aliyekunywa. Kwa nini umenificha? Uliniandikia kwamba anakula ugali kidogo na mgando. Nani ananenepa kwa ugali kidogo na mgando? Mimi sioni uongo kwako, nimekufahamu tangu shule ya misheni, hukuwahi kunidanganya hata kwa mzaha. Ndiyo maana nadhani si wewe. Ni mama. Najua mkono wa mama, hawezi kuona kiumbe chenye njaa akapita. Analeta chungu chako na anampa mbwa chakula kingine nyuma ya nyumba.

Nimemwandikia kupitia kwa Mwalimu Sadoki, kwa adabu, nikamwomba asimlishe tena. Usiogope, sikukutaja.

Nakuogopea, Felista. Ikiwa mbwa atalala chini siku chui atakapokuja, nitakuwa nimekutumia mzigo badala ya mlinzi.

Mumeo,
Hezron


Ibaba
19 Agosti 1938

Kwa mwanangu Hezron, mtoto wa marehemu Osea,

Ni mimi mama yako Enesi ninayesema, na anayeandika ni Mwalimu Sadoki. Nimemwambia aandike kama ninavyosema, asilainishe.

Barua yako imesomwa mbele yangu. Umeniomba nisimlishe mbwa. Niliposikia neno hilo nilisimama. Mimi, Hezron, nimlishe mbwa siagi wakati nina mkwe mzazi? Tangu mnyama huyo aletwe sijampa hata ganda la ndizi. Namwogopa, ana macho ya mtu. Kila nilichopika, ulezi nilioutwanga kwa mikono hii yenye kuuma, maziwa niliyowanyima wajukuu wengine, vyote vimekwenda ndani ya nyumba ya mke wako na chungu kimerudi kitupu.

Nilikaa nikaliwaza neno lako mpaka chungu changu kikaungua jikoni. Kama mimi sikumpa, na mke wako anampa ugali kidogo, mbwa ananenepa kwa chakula gani? Ndipo nikaondoka. Sikubisha hodi. Mungu anisamehe, niliingia nyumba ya mzazi bila kubisha.

Alikuwa amekaa chini akitazama mlango, mtoto mapajani. Chungu changu cha asubuhi kilikuwa mbele ya mbwa, na mbwa alikuwa anakilamba.

Hakukimbia wala hakujitetea. Alisema, “Mama, nisamehe, chakula hakishuki.”

Nikamvua kanga mabegani, kama ninavyomvua binti yangu. Mwanangu, wewe umetuandikia habari za mbavu za mbwa tangu mwezi wa tano. Umeeleza mbavu zisikike bila kubonyeza. Mimi nimezigusa za mke wako. Sikubonyeza. Ungeweza kuzihesabu ukiwa mlangoni. Alikuwa amejifunika kanga zake zote, mimi nikadhani ni baridi. Na mtoto hana chango. Mtoto ana njaa. Maziwa yamekaribia kukauka.

Nililia kwa sauti mpaka Ruti akaja mbio, ndiyo mara ya kwanza ametoka ndani mwake tangu msiba.

Sasa sikiliza. Sikugombezi. Mimi niko hatua chache kutoka kwake na sikuona, nilikuwa nafurahia chungu kitupu. Lakini nasema mbele ya Mwalimu Sadoki: adabu ya kuweka chungu mlangoni na kuondoka, mimi nimeiacha kuanzia leo. Nitakaa naye mpaka ameze. Watu wa hapa wakisema mama Hezron hana haya, waseme.

Naogopa kwamba nimechelewa. Omba huko uliko.

Mama yako,
Enesi

(Mimi Sadoki naongeza langu. Nimemwona Felista, yu dhaifu sana. Mwandikie yeye kwanza, sisi wengine tutasubiri.)


Mkwajuni
1 Septemba 1938

Felista wangu,

Barua ya mama nimeisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, na tangu hapo kila chakula ninachoweka mezani kwa Bwana naona ni chako.

Sina la kukuuliza juu ya mbwa. Nitakuuliza wewe. Umekula nini leo? Ulilala? Lusubilo ananyonya akashiba, au bado anaachia? Nijibu hayo tu. Kama huna nguvu ya kuandika, mwambie Mwalimu aandike, hata mstari mmoja, kwamba u hai.

Niliogopa chui, nikaogopa mifupa ya mbwa, nikaogopa askari. Kwa ajili yako sikuogopa, kwa sababu uliniambia chungu kinarudi kitupu. Sasa naogopa kufungua barua yoyote inayotoka Ibaba.

Kipande kinajaa mwezi ujao. Siku hiyo hiyo nitaanza safari.

Hezron


Ibaba
18 Septemba 1938

Hezron, mume wangu,

Ni mkono wangu mwenyewe, uone herufi zilivyonyooka. Niko hai.

Unastahili kuambiwa ilivyokuwa. Nilipojifungua, hofu ilinikaa kooni. Nilikuwa naweka kijiko cha uji mdomoni, nasikia mianzi, uji unakataa kwenda. Siku ya kwanza nikasema kesho nitakula. Lakini chungu hakiwezi kurudi na mabaki, wajua mwenyewe, ni kama kumwambia mama mkwe kwamba mkono wake unanuka. Basi nikampa Sajini. Alimaliza, mama akaimba. Kesho yake vivyo hivyo. Kisha nikaanza kuona faida. Nikajiambia, ikiwa chakula hakishuki kwangu, kishuke kwa yule atakayesimama mlangoni. Kila chungu nilihesabu kuwa ni meno kwake. Baada ya Nesta ndiyo kabisa. Ulipoandika habari za ndugu yake wa stoo niliingiwa na hofu, lakini ile ya chui ilikuwa karibu zaidi. Ugali kidogo na mgando nilimpa kweli, hapo sikudanganya. Sikusema tu alikula nini kabla yake.

Nisamehe. Nilitaka mtoto wetu awe na mlinzi, kumbe nilikuwa namnyang'anya maziwa.

Mama sasa anakaa nami. Amekuja na kigoda chake na hatoki. Ananitazama mdomoni kama mpelelezi, na nikikaa kimya muda mrefu ananitekenya ubavu aone kama nimepata nyama. Mwanzoni nilikula vijiko viwili, nikatapika, akapika tena bila neno. Kilichonisaidia ni kwamba anaketi upande wa mlango, mgongo wake umeuziba, siuoni. Ruti naye huja kutwanga ulezi. Bado haongei sana, ila anatwanga kwa nguvu. Lusubilo ananyonya mpaka analala na chuchu mdomoni.

Na Sajini yumo katika adhabu. Ugali kidogo, mgando, basi. Kila asubuhi mama anamtembeza polepole mpaka kwa Ruti na kurudi, huku anamtukana njia nzima, na nadhani hamwogopi tena. Kiuno kimeanza kuonekana. Mguu mmoja wa nyuma bado umepinda nje, na huo sidhani utanyooka.

Sasa jambo la juzi. Ulikuwa ukungu mzito, mama amekwenda kuchukua kuni nyuma, mlango umeachwa wazi. Lusubilo alikuwa juu ya mkeka, mimi namenya ndizi. Sajini aliinuka. Hakubweka. Alikwenda kusimama kizingitini, manyoya ya mgongo yamesimama, miguu inatetema, na akaanza kunguruma chini chini, sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Nikatazama. Hezron, alikuwa pale karibu na kinu. Nilimwona mabaka yake yakitokea ndani ya ukungu polepole, kichwa chini, anamtazama mbwa, halafu ananitazama mimi.

Nilipiga kelele. Sikujua kwamba ninayo sauti ile. Mwezi wa saba nisingekuwa nayo, nilikuwa sina pumzi hata ya kumwimbia mtoto. Nilipiga kelele huku nimemnyakua Lusubilo, na Sajini naye akabweka, akasonga mbele kwa miguu yake mibovu hatua moja, akasimama. Mama alitokea na kuni juu, Ruti akaja na mchi, akikimbia, akilia jina la mwanawe. Ukungu ukamfunika chui. Hatukuona alikoelekea.

Wanaume wameweka mitego mianzini. Hajapatikana. Sitakudanganya tena, kwa hiyo nasema naogopa, na nitaogopa mpaka uje, na labda hata ukija. Ukifika usiulize mtu habari za mbavu. Papasa mwenyewe, za Sajini na zangu.

Siku ile mama aliniwekea chungu mbele, akaketi mlangoni na gogo mkononi, akasema, “Kula.” Nilikula nikitetemeka, nikamaliza. Sajini alilala miguuni kwangu akikitazama chungu mpaka mwisho, na hakuna aliyempa kitu.

Mkeo,
Felista